Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mfanyabiashara Mdogo na Utawala wa Intaneti

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Tume ya Haki na Amani



Mada tuliyopewa leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika semina za Tume yetu mmezoea kutusikia tukizungumzia ardhi, mirathi ya wajane, rushwa na uchaguzi. Leo twazungumzia intaneti. Wengine watauliza: je, padre ameacha madhabahu na kuwa fundi wa kompyuta? La, hasha. Twaizungumzia intaneti kwa sababu ile ile inayotufanya tuzungumzie soko na ushuru wake. Huko nako waamini wetu wanatafuta riziki. Popote watu wanapotafuta riziki pana kanuni, na palipo na kanuni yupo aliyezitunga. Swali letu ni moja tu: zilipokuwa zikitungwa, yule mdogo alikuwapo?

Tuanze na kisa tunachokifahamu kwa karibu. Yupo mama mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akishona sare za kwaya na mavazi ya ibada. Hana kampuni. Ana cherehani tatu, wasichana wawili anaowafundisha kazi, na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA alichokitundika ukutani kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kijana mmoja alimtengenezea tovuti na kumsajilia jina linaloishia na .com. Maagizo yakaanza kumfikia kutoka parokia ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuzikanyaga.

Kijana yule, alipolisajili jina hilo, aliandika anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Baadaye akahamia mji mwingine kutafuta kazi. Muda wa usajili ulipokwisha, ilani za kulilipia jina zikapelekwa kwenye anwani ambayo hakuna aliyeifungua. Jina likapotea, likachukuliwa na mtu asiyejulikana. Mama alipouliza, akajibiwa kwamba anaweza kulinunua upya, kwa fedha ambazo cherehani zake tatu zisingezipata kwa miezi mingi.

Tulipokwenda kumfariji alituuliza: "Baba, jina hili ni langu. Wateja wananijua kwa jina hili. Nikashitaki wapi?" Tulinyamaza, maana hatukujua. Mada hii ni jibu ambalo tumelitafuta tangu siku ile.

1. NANI ANAITAWALA INTANETI?

Watu wengi hudhani kwamba intaneti haina mwenyewe, kama vile hewa. Wengine hudhani kwamba ni mali ya serikali au ya kampuni za simu. Ukweli ni kwamba ina mabaraza yake, na kila baraza lina kazi yake.

Majina ya tovuti yanayoishia na .tz husimamiwa hapa nchini, kama vile yale ya .ke yanavyosimamiwa Kenya. Lakini kanuni za majina yanayotumiwa na dunia nzima, kama .com na .org, hupitia katika shirika liitwalo ICANN, lililoanzishwa mwaka 1998, lenye makao yake Los Angeles nchini Marekani. Kwa miaka mingi kazi yake ya msingi ilifanyika kwa mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba huo ulikoma mwaka 2016, na tangu tarehe 1 Oktoba ya mwaka huo usimamizi uko mikononi mwa wale waitwao wadau.

Namba zinazoiwezesha mitambo kutambuana nazo hugawiwa na mashirika ya kanda. Katika Afrika kazi hiyo ni ya AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Lipo pia Jukwaa la Utawala wa Intaneti la Umoja wa Mataifa, lililotokana na mkutano mkuu wa Tunis wa mwaka 2005. Jukwaa hilo lilikutana mara ya kwanza Athens mwaka 2006, likafika Nairobi mwaka 2011, na lile la Bara la Afrika lilikutana Dar es Salaam mwezi Mei 2025. Jukwaa halitungi sheria. Ni mahali pa kujadiliana tu. Hata hivyo, mengi yanayokuja kuwa sheria huanza kusemwa hapo.

Huko Tunis yalitajwa makundi makubwa yenye sehemu katika utawala huu: serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia. Tuyatafakari maneno hayo mawili, "sekta binafsi". Ndani yake imo kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi na mawakili, na ndani yake humo humo yumo mama yetu wa cherehani tatu. Wote wawili wamepewa jina moja na sauti moja. Sasa, ndugu zangu, mkubwa na mdogo wakipewa sauti moja, itakuwa ni sauti ya nani?

2. VITI VILIVYOMO BARAZANI

Ndani ya ICANN lipo baraza linalotunga sera za majina. Watumiaji wa kibiashara wametengewa viti 6 humo, navyo vimegawanywa viwili viwili. Viwili ni vya wafanyabiashara kwa jumla, viwili vya watetezi wa alama za biashara na miliki za ubunifu, na viwili vya watoa huduma za intaneti. Upande wa pili vipo viti 6 vya watumiaji wasio wa kibiashara: vyama vya kiraia, wanazuoni, na watu binafsi wasiotafuta faida.

Mama yetu atakaa wapi? Akienda kwa wasiotafuta faida, wataona kwamba anauza nguo, na kwa hiyo si wao. Akienda kwa wafanyabiashara, mlango haujafungwa, lakini wanachama hulipa ada ya mwaka, mijadala mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na wanaohudhuria wengi ni watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. ICANN hufanya mikutano mikuu mitatu kwa mwaka katika nchi mbalimbali. Ilikutana Nairobi mwezi Machi 2010 na Kigali mwezi Juni 2024. Mjumbe wa kampuni kubwa husafiri kwa mshahara. Kwa mama yetu, siku ya mkutano ni siku ya duka kufungwa, na siku ya duka kufungwa nyumbani hawali vizuri.

Hatusemi kwamba wakubwa walikaa usiku wakapanga kumnyima kiti. Kwa hakika milango mingi imeachwa wazi, tena kwa nia njema. Lakini mlango wazi ulio mbali humfaa mwenye nauli. Ndivyo alivyo mfanyabiashara mdogo: ni mtu binafsi na ni biashara kwa wakati mmoja, na baraza lililopanga viti vyake kwa kuwatenganisha watu na biashara halikumpangia cha kwake.

Hali hiyo ilionekana wazi mwaka 2012, ICANN ilipowaalika watu kuomba miishio mipya ya majina. Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000 za Marekani. Yalipokelewa maombi 1,930. Amerika ya Kaskazini ilitoa 911, Ulaya 675, na Afrika nzima ilitoa 17. Ulikuwapo mpango wa kuwasaidia wasio na uwezo, lakini waliouomba duniani kote walikuwa 3 tu, na mmoja ndiye aliyekubaliwa. Msaada ulikuwapo, bali habari zake hazikuwafikia wahitaji. Kwa awamu ya pili, iliyopangwa kufunguliwa mwezi Aprili 2026, ada ni dola 227,000.

3. HASARA YA KUTOKUWAPO

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yatuhusu nini? Tutataja mambo mawili yanayomgusa mdogo moja kwa moja.

La kwanza ni kesi za majina. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa usuluhishi kwa mtu anayedai kwamba jina lake limechukuliwa kwa nia mbaya. Utaratibu huo umewasaidia wengi, lakini ulitungwa kwa ajili ya wenye alama za biashara. Mlalamikaji sharti aonyeshe kwamba ana haki katika alama ya biashara inayofanana na jina linalogombewa. Cheti cha BRELA alichonacho mama yetu ni cha jina la biashara, nacho si sawa na usajili wa alama ya biashara. Asiyesajili alama yake hulazimika kuleta ushahidi mwingi kwamba inajulikana kweli kwa wateja. Aidha, katika kituo cha Shirika la Miliki Bunifu Duniani, Geneva, ada ya kesi ya jina moja mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Hilo ndilo jibu la swali la "nikashitaki wapi". Mahakama ipo, ila kizingiti chake kilipimwa kwa kimo cha mtu mwingine.

La pili ni daftari la wenye majina. Kwa miaka mingi, kila aliyesajili jina la .com, asipolipia huduma ya kujificha, jina lake, anwani, simu na barua pepe yake viliwekwa katika daftari lililo wazi kwa ulimwengu wote. Kwa kampuni kubwa, anwani hiyo ni ya ofisi yenye walinzi getini. Kwa mfanyabiashara mdogo ni chumba anacholala na wanawe. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, sehemu kubwa ya taarifa hizo ilifichwa. Hapo ukazuka ubishi: je, ulinzi huo ni wa watu tu, au hata wa kampuni? Kikundi kilichoujadili kilimaliza kazi mwaka 2021 bila kuwalazimisha wasajili kutenganisha mtu na kampuni, bali kikawaachia uamuzi. Tazameni basi: yule ambaye ni mtu na biashara kwa pamoja ndiye aliyesimama katikati kabisa ya ubishi ule, naye hakuwa na kundi lake mezani.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

4. WADOGO WALIPOSIKIWA

Tusikate tamaa, maana upo pia mfano wa kutia moyo. Ndani ya ICANN lipo baraza la ushauri la watumiaji wa kawaida, liitwalo ALAC. Lina wajumbe 15, yaani 3 kutoka kila kanda kati ya kanda 5 za dunia, Afrika ikiwa mojawapo. Baraza hilo halitungi sera, hutoa ushauri. Mtu angeweza kulidharau.

Lakini mwaka 2008 baraza hilo la ushauri liliomba lichunguzwe jambo linalofanana kabisa na kisa cha mama yetu: watu wanaopoteza majina yao kwa sababu muda umekwisha bila wao kujua. Uchunguzi ukafanyika, majadiliano yakaendelea kwa miaka kadhaa, na mwaka 2013 kanuni mpya ikaanza kutumika kwa majina kama .com. Kwa kanuni hiyo, msajili sharti ampelekee mwenye jina ilani mbili kabla ya muda kwisha, moja takriban mwezi mmoja kabla na nyingine takriban wiki moja kabla, na ilani nyingine ndani ya siku 5 baada ya muda kwisha ikiwa jina halijalipiwa wala kufutwa. Tena jina likifutwa, mwenyewe anazo siku 30 za kulikomboa kwa malipo.

Mnaona? Wasio na kiti cha kura waliuliza swali moja, wakaling'ang'ania kwa miaka mitano, na leo wauza duka duniani kote wanalindwa nalo bila hata kuwajua walioliuliza. Ni kama yule mjane wa Injili aliyemwendea kadhi bila kuchoka.

Mbona basi kanuni hiyo haikumwokoa mama yetu? Kwa sababu ilani hupelekwa kwenye anwani iliyoandikwa katika usajili, na anwani ile haikuwa yake. Hapa twajifunza kwamba haki ina miguu miwili: kanuni njema, na mtu anayeijua.

5. MABARAZA YA HAPA KWETU

Tusidhani kwamba tatizo liko ng'ambo tu. Mwaka 2018 zilitoka hapa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Chombo kikubwa cha habari kiliweza kuzibeba ada hizo. Mtu aliyekuwa akiandika peke yake, akipata vijisenti kwa matangazo, hakuweza, na wako walioamua kufunga. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, lakini aliyekwisha kufunga hakurudishiwa wasomaji wake.

Mwaka huo huo, kuanzia tarehe 1 Julai, jirani zetu wa Uganda walitozwa shilingi 200 za nchi yao kwa kila siku ya kutumia mitandao ya kijamii. Kwa mwenye mshahara kiasi hicho ni kidogo. Kwa muuza nguo anayewaonyesha wateja bidhaa zake kwa simu, ilikuwa ni kodi ya kufungua duka kila asubuhi kabla hajauza hata kitambaa. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya data.

Hatutaji mambo haya ili kuzishutumu serikali, kwa maana serikali ina haki na wajibu wa kutunga kanuni na kukusanya kodi. Twayataja ili tuone kwamba kanuni moja humwangukia mkubwa kama unyoya na mdogo kama gogo. Anayeitunga hawezi kulijua hilo asipoambiwa na mwenye kuibeba.

6. YATUPASA KUFANYA NINI?

Kanisa limeufundisha ukweli huu kwa muda mrefu. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Papa Pius XI, mwaka 1931, alifafanua kanuni tunayoiita ya auni, kwamba ngazi ya juu isiinyang'anye ngazi ya chini kazi inayoiweza yenyewe, bali iisaidie. Kwa kanuni hiyo, kumsemea mdogo daima si kumheshimu. Kumheshimu ni kumsaidia ajisemee. Basi twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mwenye biashara mtandaoni aijue mali yake. Jina lisajiliwe kwa jina lake na anwani yake mwenyewe, hata kama kazi imefanywa na kijana wa nyumbani. Aandike tarehe ya mwisho wa usajili pale anapoandika tarehe ya kodi ya pango.

Pili, tusiingie barazani mmoja mmoja. Tunavyo vikundi vya VICOBA, vyama vya akiba na mikopo, WAWATA na VIWAWA. Kikundi cha watu 30 kinaweza kumteua mmoja anayejua lugha na mwenye muda, kikamchangia gharama ya data, naye akawa macho na masikio yao. Mkubwa huajiri mjumbe. Wadogo waweza kumchangia wa kwao.

Tatu, tuitumie milango iliyopo. ICANN ikitaka kubadili sera huipokea michango ya maoni kutoka kwa mtu yeyote, kwa kawaida kwa muda wa siku zipatazo 40, bila ada. Lile baraza la watumiaji wa kawaida lina tawi lake la Afrika, liitwalo AFRALO, linalopokea vyama vya watumiaji. Hapa nyumbani, mamlaka au Bunge linapoita maoni, barua ya ukurasa mmoja inayosema "kanuni hii itanigharimu kiasi hiki kwa mwezi" ina uzito kuliko malalamiko mengi yasemwayo barazani kwa jirani.

Nne, tumdai mwakilishi hesabu. Mwezi Juni 2025 uchaguzi wa bodi ya AFRINIC ulisimamishwa na kisha kufutwa, baada ya kuzuka utata juu ya hati ya kumpa mtu mamlaka ya kupiga kura kwa niaba ya mwanachama. Ilibidi kusubiri hadi mwezi Septemba ndipo bodi mpya ikapatikana. Shirika hilo lilikuwa limekaa muda mrefu bila bodi kamili, likiwa chini ya usimamizi uliowekwa na mahakama ya Mauritius. Fundisho ni dhahiri. Kuwakilishwa si kumkabidhi mtu sahihi yako na kwenda kulala. Anayetumwa na kikundi arudi kusema alichosikia, alichosema, na alichojibiwa.

Ndugu wapendwa, jina la kwanza la mama yule halikurudi. Leo anatumia jina linaloishia na .tz, lililosajiliwa kwa anwani yake mwenyewe, na tarehe yake ya mwisho ameiandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wateja wa mbali wengine walimpotea moja kwa moja. Lakini hivi karibuni yeye na wenzake wa kikundi chao walikaa baada ya Misa, wakaandika barua yao ya kwanza ya maoni. Ilikuwa fupi, tena yenye makosa ya hapa na pale. Walipomaliza kuisoma, mama akasema: "Angalau sasa watajua kwamba tupo."

Ndiyo mwanzo wa haki, ndugu zangu: kujulikana kwamba tupo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani wanaofanya biashara kwa njia ya simu au intaneti? Je, majina na akaunti zao zimesajiliwa kwa jina la nani?

2. Ni kanuni au tozo gani iliyowahi kuwagusa wadogo kwetu bila wao kuulizwa? Tulifanya nini?

3. Kikundi chetu kingeweza kumteua nani kuwa macho na masikio yetu, na tungemdai hesabu kwa njia gani?